Salome Langoni

Kila ninaponusa omena, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa juani, narudi Karungu mwaka ule wa korona, nyumbani kwa dani, yaani nyanya yangu mzaa baba. Kabla ya hapo nyumba yake ilikuwa ya wasichana wote wa boma. Tulilala kwake tukibanana mkekani, naye akitusimulia hadithi mpaka mmoja mmoja tukasinzia. Korona ilipoingia, kila mama akamzuia mwanawe nyumbani kwake, nikabaki mimi na mkeka mzima. Baba alikuwa Macalder akichimba dhahabu, na kuja kwake kulikuwa kwa nadra. Mama alikuwa Homa Bay, akipiga deki wodi ya wagonjwa wa korona, na alikuwa amekatazwa kutukaribia. Nilimkumbuka mno.

Shule zilikuwa zimefungwa. Katika sanduku la baba mdogo nikapata riwaya ya kutisha isiyo na jalada, kuhusu tauni iliyokuwa ikimaliza mji. Ndani yake mlikuwa na Salome, mfagizi wa hospitali iliyofungwa kwa nje huku wagonjwa wakiwa ndani. Mfagizi kama mama yangu! Tangu ukurasa ule niliamini kwamba Salome akipona, mama naye atapona, na hakuna mtu angenitoa katika imani hiyo. Kila jioni nilimsimulia dani kwa Kijaluo. Mimi nilitetemeka; yeye, aliyelelewa na hadithi za mazimwi, hakuogopa hata kidogo. Kilichomkera ni utovu wa utu. “Kwani huyu mwanamke hana watu kwao?” aliuliza. “Nani anampikia?”

Salome alitoroka akiwa na homa, akatembea mpaka kwao, akasimama langoni akimwita bintiye. Mtoto akashika komeo. Hapo kitabu kikaisha, maana kurasa za mwisho zilikuwa zimekwenda kufungia njugu. Sasa, kwetu hadithi hufungwa kwa neno tinda, kisha msimulizi hujiombea arefuke kama mti mrefu wa kwa wajomba zake. Asiyefunga hadithi, husemwa, hudumaa. Nilitaka kusema tinda nikalale, lakini dani akanikatiza. “Hadithi haiachwi langoni. Mama yako akija ataimalizia.” Basi tukaiacha wazi. Kila jioni aliniuliza, “Salome bado amesimama?” Nami nikajibu, “Bado, dani.” Naye, “Haya, mpelekee maji.” Nilikwenda kweli, nikaweka kopo la maji langoni, nikarudi mbio.

Kisha simu ya mama ikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wetu ulifika kwa gari la kaunti. Kwetu marehemu hulala kwanza nyumbani kwake, watu wakamlilia mpaka kuche, ndipo azikwe. Mama hakuingia nyumbani. Wanaume waliovaa nguo nyeupe mwili mzima walimshusha langoni, wakazunguka naye nje ya ua hadi kaburini, wakamaliza na kuondoka. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Chetu kilikuwa cha baba, dani na mimi, na majirani wakilia kila mmoja nyuma ya ua wake. Nilitaka wamfungulie lango, hata kwa dakika moja tu. Hakuna aliyenisikiliza.

Jioni ile dani hakuniuliza kitu. Alikaa mkekani akanivuta mapajani, msichana mkubwa vile, akaanza mwenyewe. “Mtoto akafungua. Salome akaingia, akanawa, akala ugali na samaki, akalala kwake.” Kisha akaifunga: “Tinda.” Akaniombea nirefuke kama mti wa kwa wajomba zangu. Nililia tu.

Dani naye ameshatutoka, na alizikwa kwa ng’ombe na umati. Siku hizi naishi Migori, ambako watu wanasongamana na kukoholeana sokoni bila wasiwasi, na barakoa nimeziona zikitumiwa kushikia sufuria za moto. Wapwa zangu hulala kila mmoja na simu yake. Majuzi, kwa muuza vitabu vya mitumba, nilifungua kitabu nikakutana na Salome: kilikuwa kile kile, kizima, na kurasa zake zote. Nilikishika kwa muda mrefu mpaka kijana muuzaji akadhani nasitasita kununua. “Chukua, sista,” akanihimiza. “Mwisho wake ni moto.”

Nikakirudisha taratibu mahali pake. Nikamwambia mwisho wake naujua.