Korongo la Mtende Mmoja

Wiki ya kwanza ya Julai, jua linapokuwa kali hata mijusi wakavuka njia kwa kuruka, watu wa mji wa jangwani wa Pozo Hondo wenye akili zao hufunga madirisha, wakawasha viyoyozi na kungojea jioni. Wachache, kama thelathini hivi, hujitwika maji na kupanda makorongoni kuhesabu kondoo mwitu wa hifadhi. Huhesabu Julai kwa sababu moja tu. Katika joto lile kondoo hana ujanja, lazima ateremke kunywa, na mtu aliyetulia mbele ya maji atamwona.

Eulalia Bustamante alikuwa miongoni mwa hao wachache kwa miaka ishirini. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mfupi wa miaka sitini na mmoja, mwenye mikono iliyozoea masufuria makubwa. Hakuolewa, na watu walikwisha kuchoka kumuuliza kwa nini. Majira ya baridi, kila Jumamosi, alikwenda kwenye nyumba ya wageni ya hifadhi akapanga mezani fuvu la kondoo, pembe, na chupa ya mavi makavu, ili watoto wa watalii washike na kujifunza.

"Bibi, haya ni mavi kweli?"

"Kweli. Nusa."

"Hayanuki!"

"Ndivyo. Huku kwetu maji ni adimu, hata mavi hayapewi."

Watoto walicheka, wazazi wakapiga picha, kisha wote wakaondoka kwenda kula. Eulalia alifuta meza, akarudisha vitu kabatini, akaenda kwake.

Kituo chake cha kuhesabia kilikuwa cha kumi na moja katika orodha, Korongo la Mtende Mmoja. Kanuni ya hifadhi ilikataza mtu kukaa peke yake. Wote walikaa wawili wawili. Mwaka wa kwanza alikaa na binamu yake, ambaye hakutaka tena kulisikia neno kondoo. Miaka kumi na tisa iliyofuata alikaa na Wendell Stroud, mgawa barua mstaafu kutoka mji wa ng'ambo ya milima. Siku tatu kila mwaka. Ukijumlisha, walikaa pamoja siku hamsini na saba, na karibu zote kimya, kwa kuwa kondoo husikia mbali. Hawakupigiana simu hata mara moja. Julai ilipofika walikutana mdomoni mwa korongo alfajiri, wakasalimiana kwa kuinua kofia, wakapanda.

Aprili, orodha ya mwaka ilipotoka, jina la Wendell halikuwamo. Eulalia alimpigia Terrell, msimamizi wa hesabu.

"Kwani hukusikia?" Terrell alishangaa. "Alifariki Januari. Moyo. Pole, mama. Mlijuana sana?"

"Tulikuwa tunahesabu pamoja."

"Ehee. Na kuna jingine, nikuambie mapema. Kituo chako kimetoa sifuri mwaka juzi, kikatoa sifuri mwaka jana. Kikitoa ya tatu tunakifunga. Watu hawatoshi, siwezi kuweka wawili kutazama mawe. Nikupeleke kituo cha nne? Kule kondoo wanapigana vikumbo."

"Niache pangu."

"Haya, lakini nitakupatia nani wa kukaa naye?"

Alikata simu akarudi jikoni kumalizia karoti za watoto mia mbili. Wapishi wenzake waliongea habari za mishahara na harusi. Hakuwaambia. Angeanzaje? Msiba una wenyewe, na yeye hakujua kama huu ulikuwa na sehemu yake.

Mwezi Juni Terrell alimpigia, kwa sauti ya mtu asiyejua kama analeta neema au balaa. Mtu alikuwa amepatikana. Alikuwa amejitolea mwenyewe. Nadine Stroud, mjane wa Wendell.

Alikuwa mrefu, mkavu, wa miaka sabini na mitatu, na alfajiri ya siku ya kwanza ya hesabu alishuka garini amevaa kofia ya mumewe. Kiti cha kukunja cha mumewe kilining'inia mgongoni.

"Kwa hiyo wewe ndiye mpishi."

"Ndiye mimi, Bi Nadine. Pole sana kwa msiba."

"Umechelewa. Miezi sita imepita."

"Nimejua Aprili."

Nadine alimtazama. "Hakuna aliyekupigia?"

"Nani angepiga?"

Nadine aliinama kukaza kamba za kiatu ambazo tayari zilikuwa zimekazwa.

Walipanda kwa saa tatu. Maji ya kunywa yalikuwa yamefichwa juu chini ya mawe tangu Mei, chupa arobaini, Eulalia alizipandisha mwenyewe kwa safari tano. Walitandaza turubai la kivuli kati ya majabali mawili, wakapanga viti, wakaweka darubini kwenye miguu yake mitatu. Ng'ambo, mwendo wa mtu kurusha jiwe mara tatu, palisimama mtende wenyewe na sketi yake ya makuti makavu, na chini yake chemchemi. Eulalia alipoanza kuja hapa ilikuwa bwawa la ukubwa wa meza ya chakula. Sasa ilikuwa sawa na sinia la watoto shuleni. Nyuki walizunguka ukingo wake, na walipochoka kule walikuja kunywa jasho kwenye mikono ya wale wanawake.

"Usiwapige," Eulalia alinong'ona. "Wana kiu tu."

"Nami nina kiu. Mbona silambi watu?"

Nadine hakujua kunong'ona. Alijaribu, na mnong'ono wake ulikuwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Siku ya kwanza alivumilia mpaka saa nne.

"Mlikuwa mkiongea nini ninyi?"

"Hatukuongea."

"Miaka kumi na tisa?"

"Yeye alisema, 'Dume, kushoto.' Mimi nilisema, 'Nimemwona.' Au mimi nilisema, na yeye akaitikia."

"Wendell?" Nadine aliinua nyusi chini ya kofia. "Wendell wangu? Yule mtu nyumbani alikuwa redio. Anaongea akila, anaongea akioga. Nilimwambia, siku ukifa nitasikia masikio yakivuma kwa kimya. Na kweli yanavuma."

Eulalia aliikazia macho chemchemi. Lile neno, redio, lilimchoma mahali asipopatarajia. Alikuwa amemjua mtu mwingine, aliyekaza macho mbali na kutoa maneno sita kwa siku. Hakuwahi kufikiri kwamba kimya kile alikuwa akikitoa mfukoni kwa ajili yake tu, kwa siku tatu, halafu anakirudisha.

Hakuna kondoo aliyeshuka siku ile. Njiwa walishuka, na mbweha mmoja mwenye haya.

Siku ya pili joto lilifika nyuzi arobaini na saba. Walilowesha vitambaa wakavifunga shingoni, vikakauka kabla hawajamaliza kufunga. Walikula chapati za ngano zenye maharagwe ambazo Eulalia alizigandisha nyumbani. Kufikia adhuhuri zilikuwa moto kama zilizotoka jikoni.

"Nilidhani ana mwanamke," Nadine alisema, akitafuna. "Ndiyo. Nikuambie ukweli. Mwanamume gani anaacha nyumba yenye kiyoyozi Julai aje kukaa tanurini? Nikasema, hawezi kuwa kondoo."

"Sasa umemwona huyo mwanamke."

Nadine alimpima kuanzia kofia ya majani mpaka viatu vilivyozibwa kwa gundi, kisha akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kiganja, na mabega yakamtikisika hata kiti kikalia. Eulalia naye alicheka kwa pua. Hapo ndipo mawe yalipoporomoka juu ya ukingo wa korongo, mawe madogo, mfululizo, kama yanavyoporomoka chini ya kwato.

Waliganda. Robo saa ikapita, kisha nusu. Hakuna kilichotokea ukingoni.

"Huyo ni kondoo," Nadine alinong'ona. "Andika."

"Sikumwona."

"Si umesikia! Masikio yako ni ya mapambo?"

"Masikio hayahesabiwi, Bi Nadine. Mwaka wangu wa tatu na mumeo niliandika jike niliyemsikia tu. Alichukua ufutio akamfuta. Nilikasirika, sikumtazama mpaka jioni. Wakati wa kuteremka akaniambia, barua ambayo anwani yake haisomeki huipeleki kwa kubahatisha, hata kama unadhani unaijua nyumba."

Nadine alikaa kimya muda mrefu kuliko wakati wowote tangu wapande. "Hilo ni lake kweli," alisema mwishowe. "Hilo nimelisikia hadi basi."

Siku ya tatu hesabu hufungwa saa kumi jioni. Kufikia saa saba fomu ilikuwa bado tupu, na Eulalia alikwisha kutazama kila jiwe la ukingo ule mpaka mawe yakaanza kuota pembe. Alikuwa akimwomba Mungu kondoo mmoja. Hata mwana-kondoo. Hata mzee kilema aje kunywa na kufa. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha, akaondoka kufuata chupa za mwisho nyuma ya majabali. Alichukua nusu saa.

Aliporudi, Nadine alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Amekuja! Umemkosa! Dume kubwa, pembe ya kushoto imevunjika. Amekunywa dakika kumi nzima, akarudi juu pale."

Dume la pembe ya kushoto iliyovunjika Eulalia alilijua. Wendell aliwahi kulipiga picha. Lilikufa miaka sita iliyopita, walikuta mifupa yake wao wenyewe. Alielekeza darubini kwenye chemchemi hata hivyo. Maji yalikuwa safi kama kioo, nyuki wametulia, na tope la ukingoni laini, halina hata alama ya kwato. Kondoo akinywa pale, tope hutibuka kwa saa nzima.

"Picha hiyo iko wapi nyumbani kwenu?" aliuliza taratibu.

Nadine aliketi. "Ukumbini," alisema. "Juu ya meza ya simu."

Akaigeuzageuza kofia mikononi.

"Andika, Eulalia. Nani atajua? Wakikifunga, mwakani nikae wapi? Kule kwangu watu wanakuja na keki wananiuliza, unaendeleaje, unaendeleaje. Hapa nimekaa siku tatu hakuna aliyeniuliza."

Eulalia alishika penseli. Alitaka kuandika. Maana yeye naye angekaa wapi? Aliandika tarehe, saa, nyuzi za joto. Kwenye nafasi ya madume akaandika sifuri, majike sifuri, wana-kondoo sifuri. Akatia sahihi, akampa mwenzake.

"Na nisipotia sahihi yangu?"

Eulalia hakujua kudanganya. "Fomu ya sahihi moja haipokelewi. Wataandika, hakuna taarifa."

"Hakuna taarifa si sifuri."

"Si sifuri."

"Kwa hiyo hawakifungi."

"Mwaka huu, hapana."

Nadine aliikunja fomu, akaitia ndani ya kofia, akaivaa kofia. Walitazama mbele mpaka saa ya Eulalia ikalia. Saa kumi. Hesabu imefungwa, na sasa walikuwa na ruhusa ya kusogelea maji.

Nadine alivuka korongo peke yake, polepole, akishika mawe. Alipiga magoti chini ya mtende akaweka kiganja ndani ya chemchemi. Eulalia alipomfikia, kiganja kilikuwa bado mle, na maji hayakufunika vidole.

"Hiki ndicho alichokuwa anakitazama?"

"Lilikuwa bwawa. Limeanza kupungua miaka minne sasa. Kondoo wamekwisha kujua, wanapita juu tu." Eulalia alichuchumaa kando yake. "Wakiona sifuri tatu, watatuma mtu wa maji aje aone kuna nini. Wakiona hakuna taarifa, watadhani wazee wawili walizidiwa na jua wakarudi nyumbani."

Nadine alijipangusa mkono kwenye sketi. Alivua kofia, akakunjua fomu juu ya paja, akatia sahihi kwa herufi kubwa, akikandamiza hata penseli ikatoboa karatasi.

"Wewe mwanamke mgumu," alisema.

"Nimeambiwa."

Waliteremka. Garini Nadine alisema, "Nipigie basi, siku moja," na Eulalia akasema atapiga. Aliiweka namba aliyopewa kwenye droo ya jikoni. Mara mbili aliitoa, akakaa nayo mbele ya simu, akajaribu kufikiri wangeanza na neno gani, watu wasio na chemchemi mbele yao.

Barua ya kufunga kituo ilikuja Septemba. Oktoba alikuja mtu wa maji, kijana mpole, akashinda alasiri moja korongoni akipima, akasema ataandika ripoti.

Julai iliyofuata Eulalia alipelekwa kituo cha nne, pamoja na daktari wa meno aliyestaafu aliyeleta kahawa ya barafu na mwavuli. Nadine alikuwa amevunjika nyonga mwezi Mei. Hilo alilisikia kwa Terrell, baada ya wiki tatu. Kondoo walishuka kwa makundi tangu alfajiri, wakapigana vikumbo kama alivyoambiwa. Aliandika madume tisa, majike kumi na wanane, wana-kondoo saba.

"Thelathini na wanne!" Terrell alisema walipoteremka, akisoma fomu kwa furaha. "Unaona? Si nilikuambia ni kituo kizuri?"

Eulalia alikubali kwamba ni kizuri.