Plagi Kwenye Moto wa Mama

Nimemfokea fundi hapa mtaa wa Mukendo, karibu na ziwa. Alikuwa anakausha plagi za gari langu juu ya mkaa, na ile harufu ya petroli inayoungua naijua.

Nilikuwa mtoto. Mgambo walikuwa wameshang'oa paa letu, mama bado anapika uji, ndipo lori lililokuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa kwa nguvu likagoma kuwaka. Dereva akafungua boneti.

"Koili inaleta umeme vizuri, ila plagi zikilowa petroli hazitoagi cheche."

Akaepua uji wetu, akazipanga plagi motoni.

"Kwa hiyo moto wangu ndio utuhamishe?" mama akamuuliza.

"Chochea, mama, tunachelewa."

Mama akachochea. Lori likawaka, uji ukamwagwa mbichi.

Fundi anasema plagi zangu bado nzima. Nimemwambia akazitupe ziwani.