Siku ya kuwasha mashine ya kukereza chuma

Leo Baba kanilaumu kwa kosa nililojaribu kulizuia.

Likizo nzima nimekwangua kutu kwenye mashine yetu kuukuu ya kukereza chuma, hapa nyumbani Somanda. Baba aliahidi kipande cha kwanza nitakereza mimi.

Wageni walipofika kutoka Ngulyati, akamwita binamu yangu Masanja akereze yeye. Mimi nikaambiwa nipike chai.

Nikiwa nagawa vikombe, nikaona ufunguo wa kubania chuma bado umechomekwa kwenye kichwa kinachozunguka.

"Kaka, toa ufunguo kwanza," nikamwambia Masanja.

"Mpishi, subiri uitwe."

Wageni wakacheka. Masanja akawasha.

Ufunguo ukazunguka, ukagonga mwili wa mashine na kukwama, gia zikakatika meno.

Baba akanigeukia mimi. "Ulijua. Mbona hukupiga kelele?"

 Nimeokota meno yote, huenda yatachomeleka.

Ninyi mngemjibu Baba nini?