Mwaridi wa Maj-Lis

Jumamosi Ragnar angekuja na meli kutoka bara, amhamishe baba yake, Algot, kwenye fleti isiyo na ngazi, nje ya ukuta wa kale unaozunguka mji. Magoti ya Algot yalikwisha. Mtu aliyepaka chokaa nusu ya nyumba za Visby, mji wao wa kisiwani, ndoo mkononi na ngazi anapanda kama paka, leo kushuka kilima cha mawe kufuata mkate ilikuwa shughuli.

Nyumba imeshauzwa. Kitanda kitakwenda, sahani zitakwenda. Roho yake ilikuwa kwenye mwaridi tu. Mkewe, Maj-Lis, aliupanda walipooana, kule nyuma ya nyumba, kando kabisa ya ukuta wa mji. Maj-Lis alikufa, mwaridi ukaendelea kutoa maua kila mwaka mpaka baridi inapoanza kuuma. Kila asubuhi Algot alinywa kahawa pale, anausemesha. Ndoa iliyobaki ilikuwa hiyo. Na wanunuzi, watu wa kuja kiangazi tu, walishasema pale wataweka sakafu na viti.

Alhamisi akachukua sepetu, auchimbe mwaridi na mizizi yake ahame nao. Ndani ya ukuta huchimbi bila ruhusa ya watu wa mambo ya kale, maana Visby ukichimba shimo la kuzika paka unakutana na marehemu wa zamani. Ruhusa ingechukua miezi. Akaanza hivyohivyo.

"We Algot! Unamzika nani?" Gunvor, jirani yake, alichungulia juu ya uzio.

"Wewe, usiponyamaza."

"Basi chimba pana, mimi si mwembamba."

Akaja na glavu za jikoni, akashika matawi. Wakachimba wanataniana, mpaka Algot akaona cheupe. Alidhani chokaa. Akafuta kwa kidole gumba. Ubavu wa mtu. Pembeni yake mwingine. Mizizi ya mwaridi ilikuwa imepita katikati ya mbavu, ikazizunguka, ikashika.

Gunvor akashusha sauti. "Vuta tu. Huyo haumii tena."

Algot akavuta kidogo. Ubavu ukainuka nao. Akaachia haraka, kama kaungua.

"Siwezi kumvunja mtu, Gunvor."

"Fukia basi."

"Nifukie, halafu wale waje na mashine yao ya sakafu wamsage?"

"Ukiwaita wa mambo ya kale, mwaridi ndiyo basi tena. Unajua?"

"Najua."

Akaingia ndani kupiga simu.

Alikuja dada mmoja, Tuva, na brashi zake. Hakumgombeza. Alipiga magoti shimoni, akaangalia muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, ili nimtoe mzima, mizizi lazima ikatwe hukuhuku chini. Mti mzee kama huu hautapona. Pole sana. Nikate?"

"Wewe utazitikisa mbavu. Lete msumeno, nikate mwenyewe."

Magoti yakatoa mlio, akashuka shimoni. Akakata mzizi mmojammoja, mkono wa kushoto umeshika mbavu zisicheze. Gunvor alikuwa amegeuka upande wa bahari. Mzizi wa mwisho ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono. Ulipokatika, mwaridi ukalala ubavu kwenye majani, maua mawili bado yamefunguka.

Gunvor akachuma moja, akamnyooshea.

"Liache hapohapo na mwenzake," alisema Algot. "Nisaidie kutoka shimoni."