Samli kwenye Sakafu ya Mama

Mama yangu alikuwa anapaka samli sakafuni. Kila Jumamosi alipiga magoti na kitambaa chake, akaanzia dirishani akirudi nyuma mpaka mlangoni. Aliolewa kutoka Getanuwas, kwenye boma la wafugaji, na kwao kitu kizuri hupakwa samli kisipasuke, kiwe kibuyu au ngozi. Alipofika kwenye nyumba ya baba hapa Mbulu mjini akakuta vigae vya saruji sebuleni, vimepauka kwa baridi, akavihurumia. Baba aliteleza akaanguka chali mbele ya wageni. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na Jumamosi iliyofuata akapaka tena.

Shuleni walinitania kwamba nanuka samli, nikaona aibu. Sasa mama hayupo, na harufu hiyo ndiyo ninayoifuata kila nikipanda basi kutoka Arusha. Nafungua mlango, nasimama pale pale, navuta pumzi. Kwa kitambo kidogo anakuwepo.

Mwaka huu vigae vilianza kucheza. Kaka yangu alitaka ving'olewe vyote, tuweke tailizi za kung'aa kama benki. Nilimwambia akaziweke kwake. Nikaita fundi, akaniamkia, akagonga vigae viwili vitatu, akanusa kidole.

“Mama, hii mafuta imeshuka mpaka chini. Saruji haiwezi kushika hapa.”

“Kwa hiyo?”

“Tuvitoe, tuvioshe na magadi na maji ya moto, ndiyo tuvirudishe. Ukisema tuache, mvua ikija unyevu utapanda kutoka chini, vitapasuka vyote.”

Nilimwambia asubiri. Nikakaa kwenye ngazi ya nje na kikombe cha chai mpaka ikapoa. Nikiacha, nitapoteza sakafu. Nikiosha, nitapoteza kile kinachonirudisha nyumbani. Nilimkasirikia fundi wa watu bure, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyeileta mvua. Mwishoni nikamwambia aoshe.

Maji yalitoka meusi. Chini ya weusi ule kulikuwa na maua, ya kijani, yenye ukingo mwekundu. Nimezaliwa kwenye nyumba ile na sikuwahi kujua kwamba sakafu yetu ina maua. Vigae viliporudishwa mahali pake, kaka yangu, yule yule wa benki, alipiga picha akazirusha kwa ukoo mzima. Majirani walikuja kuchungulia. Kila mtu alinipongeza, nami nikaitikia asante, asante.

Walipoondoka nilifunga mlango, nikapiga magoti, nikainamisha uso mpaka chini. Magadi na saruji mbichi. Nikanusa kona zote, hata nyuma ya mlango. Siku tuliyomzika mama sikulia. Wageni walikuwa wengi na chai ilibidi ichemshwe. Nilimlilia hapo, juu ya maua yale mazuri.