Samaki Saba Mbele ya Mukwe

Jambo lote limenigharimu watu watano: mukwe mumoja, binti yangu Masika na wajukuu watatu. Nimewahesabu mara mbili, hesabu ni ileile. Hawaji tena kula kwangu Jumapili, siku ya Mungu, na ninaandika nikiwa na hasira.

Siku ya kwanza ya kazi nilifika Kyavinyonge, pale ziwani, na viatu vya kuazima. Patron, mfanyabiashara wa Butembo aliyenunua samaki wa mitumbwi mingi, alinisimamisha mbele ya rundo la tilapia.

"Hesabu."

Mia moja na kumi na mbili.

"Tena."

Mia moja na kumi na mbili.

"Sasa hesabu mikono ya batu benye banasimama pembeni. Samaki hapana miguu, kijana. Ikipotea, iko mukono yenye ilibeba."

Hivyo nikawa pointeur, yaani mwenye kuhesabu samaki mutumbwi unapofika. Unashika wawili kila mukono, unatupa kikapuni, unaita: nne, nane, kumi na mbili. Kuita kwa sauti ndiyo ilikuwa sheria. Pointeur akinyamaza, kila mutu anajua ameiba.

Miaka ile ilikuwa mizuri, sitaificha. Nyumba yetu ilikuwa hatua sitini kutoka majini. Batoto walioga, wakaja na mchanga masikioni, tukala bugali na samaki katika sahani moja, bibi yangu Kavira, mama wa batoto, akitukana wenye kuchagua minofu. Siku moja Patron akatukuta tunacheka saa sita mchana.

"Pointeur mwenye anashiba, anasinzia," akasema. Juma lililofuata alikuwa amenipeleka Kirumba, mbali na ziwa, ninahesabu vifurushi vya samaki wa chumvi kwenye malori. Kisha Butembo, Chef wa dépôt, mukubwa wa ghala. Cheo kilipanda, familia ilibaki ziwani. Nilirudi mara mbili kwa mwezi, Kavira akanipakulia peke yangu, kama mugeni. Na mimi, mujinga mwenye funguo kumi na moja kiunoni, nilidhani ni heshima!

Nilipostaafu, Patron alinipa mukono wake na balansi ya kupimia samaki, isiyo na sindano. Nikarudi Kyavinyonge.

Siku ile ya Mungu Masika alitoka Beni na bwana yake, mwalimu, pamoja na batoto. Kavira alipika tilapia nane; nilimwona akiwaosha. Kwetu mukwe akila, baba mukwe hatazami mukono wake. Ninajua hiyo tangu utoto. Lakini sahani ilipowekwa, mdomo ulitangulia:

"Mbili, ine, sita, saba. Ya munane iko wapi?"

Nilisema nikimutazama mwalimu. Mkononi alikuwa na kipande.

"Baba Masika!" Kavira akapiga mapaja. "Hapa ni dépôt? Uko nahesabu mupaka mukwe?"

Mwalimu akarudisha kipande, akanawa. "Aksanti, Baba. Nimeshiba." Hakuwa amemeza hata tonge.

Masika akabeba mudogo mugongoni. "Baba, weye ungali Kirumba."

Walipoondoka, Kavira akafunua sufuria ndogo. "Ya munane hii. Nilikuwekea ya magaribi, sababu unapenda kichwa."

Nina hasira na Patron, ndiyo. Lakini Patron hakuwa mezani.

Wazee wananiambia kosa la namna hii linafutwa kwa mbuzi. Lakini wafikiri vizuri! Mukwe huyu alitoa mbuzi za mahari, na mimi nikazihesabu mara mbili mbele ya wazee wake. Nikimupelekea mbuzi leo, njia nzima hadi Beni watu watasema ninarudisha mahari, ndoa imekufa. Nikipeleka kuku, nimemudharau. Nikienda mikono mitupu, nitasema nini? Maneno yangu mengi ni namba.

Basi donc, ninyi vijana munaosoma, mulio na wakwe: baba anamuombaje mukwe musamaha pasipo mbuzi? Munijibu mapema. Masika ana mimba, atazaa mbele ya Noeli, na mujukuu huyo sitaki kumujua kwa simu.