Siku Saba za Mstari Mnyoofu

Maabara nzima tulimwita Mzee Kioo, naye hakununa. Tangu mkewe afariki, nyumbani hakuwa na wa kumsalimia, kwa hiyo alihamishia maisha yake kazini. Alibuni vifaa vya kupimia gesi kwa mwanga: unapitisha mwanga ndani ya bomba, kila gesi inameza sehemu yake, na kile kilichopungua kinakuambia kuna gesi gani na kiasi gani.

Kifaa chake cha mwisho kilimchukua miaka minne. Likabaki jaribio moja: siku saba yeye na kifaa katika chumba kilichofungwa, mstari kwenye skrini usipande. Kifaa kilinusa hata hewa tunayoitoa puani. Pumzi zake mwenyewe mzee alishazipigia hesabu. Za mtu wa pili, hapana. Mstari ukipanda, anaanza upya, na wakubwa walishasema hawatampa wiki nyingine.

Siku ya sita akaja binti yake. Walikuwa hawajaonana miaka miwili. Mimi mtunza stoo ndiye niliyempeleka hadi mlangoni, nikagonga. Mzee akachungulia kwenye kidirisha, uso ukamchangamka, kisha akageuka kutazama skrini.

"Mwanangu! Ningoje hadi kesho saa kumi na moja."

"Ndege ni leo saa tisa, baba. Nimekuja kukuaga. Sijui nitarudi lini."

"Nikifungua, siku sita zote zinakwenda na maji."

"Sitapumua," binti akatania.

Wakacheka wote wawili. Hakufungua.

Binti akasimama kidogo, akavuta kamba ya mkoba begani. "Haya, baba. Kazi njema." Akashuka ngazi bila haraka, nami nilimkasirikia mzee, na hasira hiyo haijaniisha.

Jaribio lilipokwisha, mkaguzi aliyetumwa na wakubwa alipitia karatasi za matokeo akitabasamu. "Mstari safi. Hakuna aliyekusumbua?"

"Hakuna," mzee akajibu.

Tukampigia makofi. Jioni akanifuata stoo, akajifanya anatafuta skrubu. Akapekua boksi moja, akalirudisha, akapekua lile lile tena.

"Eti," akasema, "binti yangu siku ile alivaa nini? Kidirisha chenyewe kidogo, sikumwona vizuri."

Nilikuwa sikumbuki. Nikamwambia gauni la kijani, naye akanishukuru sana.